Anaongea mmoja, wengine tunaitikia

SWALI: Tuko kumi na wanne, tunasoma Utendi wa Mwana Kupona, shairi la wasia wa mama kwa binti yake, kila Jumamosi. Mwalimu mstaafu hueleza kila kitu, sisi tunatikisa vichwa tu. Tufanyeje?

JIBU: Gawanyikeni duara mbili za watu saba. Beti kumi zinatosha kwa saa nzima. Zisomwe kwa sauti mara mbili, maana utendi hutungwa usikike: vipande vinne, kila kimoja cha mizani (silabi) nane, na kina cha mwisho, yaani sauti ya mwisho, kinachorudi kila ubeti. Maneno ya kale kama "upulike", yaani usikilize, yaandikwe mapema kwenye karatasi, yasije yakala muda.

Kosa kubwa liko kwenye swali. "Mshairi anafundisha nini?" ni swali la mtihani, humwita mjuzi. Kiongozi aulize jambo ambalo yeye mwenyewe bado linamsumbua: wasia huu wa mwaka 1858 unamtaka binti amtii mumewe, je, mama anamlinda au anamfunga? Kila anayejibu aonyeshe ubeti. Kimya kikiingia, kiacheni, watu wanafikiri.

Mwalimu wenu ni hazina, msimnyamazishe. Mwombeni kwa heshima azungumze wa mwisho.