Mkono haunyanyuki baada ya oparesheni ya shingo, nikachome PRP?

Wiki hii karibu maswali yote yametoka kwa watu waliopasuliwa pingili za shingo halafu neva zikagoma. Nimechukua manne. Hiyo PRP wanayoiuliza ni sindano inayotengenezwa kwa damu.

"Shikamoo. Nina wiki 6 tangu oparesheni, maumivu yameisha, vidole vinafanya kazi ila bega halinyanyuki, hata kuchana nywele siwezi. Nikachome PRP?"

Marahaba, na pole sana. Usichome chochote kabla hujajua neva imeumia kiasi gani. Unavyoeleza inafanana na neva ya 5 ya shingo, ile wanayoiita C5, hiyo hulegea kwa baadhi ya watu hata kama daktari hajakosea popote na wengi hurudi wenyewe ndani ya miezi kadhaa, wengine mpaka miaka 2. Neva inaweza kuwa imeshtuka tu, au nyuzi za ndani zimekatika ganda likabaki, au imekatika yote, na kila hali ina njia yake. Omba kipimo cha EMG, kile cha kupima umeme wa misuli na neva, kwa wiki 6 muda wake umeshafika (ukipima siku za mwanzo majibu yanadanganya). Uliza na picha ya MRI pia, manake kama kuna kitu bado kinaibana ile neva hakuna sindano itakayokitoa.

"Hiyo PRP ni damu ya mtu mwingine?"

Hapana, ni yako mwenyewe. Wanakutoa kidogo mkononi, wanaiweka kwenye mashine inazungushwa kwa kasi, ikitoka unaona kwenye tyubu nyekundu nzito imekaa chini, maji ya njano juu, na katikati utando mweupe mwembamba sana. Wanachotafuta ni chembe sahani, zile za kugandisha damu. Kwa kawaida mtu ana 150,000 hadi 450,000 kwenye kila maikrolita moja, kwenye PRP zinakuwa zimekusanywa mara kadhaa ya hapo, na zinaachia kemikali za kuamsha ukuaji. Kwa panya na sungura neva zimeonekana kupona vizuri zaidi. Kwa binadamu majaribio mengi ya neva yamefanywa kwa waliobanwa neva ya kiganja, sio mizizi ya neva za shingo, kwa hiyo mtu akikwambia imethibitishwa kwa tatizo lako anaruka hatua. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, nayo haijaidhinisha PRP kama tiba ya neva iliyoumia.

"Kliniki imeniahidi sindano 3 mkono unarudi kabisa, niende?"

Usiende. Neva iliyokatika nyuzi hukua kama milimita 1 tu kwa siku, sasa hebu piga hesabu kutoka shingoni mpaka msuli wa bega, hiyo ni miezi. Ikirudi yenyewe miezi 5 baada ya oparesheni sifa zote zitapewa sindano, nimeona watu wakiamini hivyo na kuwapeleka na wenzao, inaniuma sana. Halafu shingoni hapo pana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, sindano isiyoongozwa na picha ni hatari. Kama daktari wako wa oparesheni mwenyewe anashauri PRP ndani ya utafiti, msikilize, muulize anachoma wapi na kwa nini, na mwambie kama una maambukizi, chembe sahani chache au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hizo dawa usiziache kienyeji.

"Mama alipasuliwa kwa mbele ya shingo, sauti imekwaruza mpaka leo, PRP itasaidia?"

Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie nyuzi za sauti, neva yake hupita jirani kabisa na pale wanapopasua. Kama anapaliwa na maji msisubiri.

Na wewe wa bega, nakurudia kwa sababu muda ndo mali yako. Msuli uliokosa neva hukonda, ukifika mwaka na zaidi hata neva ikifika haupokei vizuri, kwa hiyo kama miezi 3 au 4 baada ya oparesheni hauoni hata mtikisiko, muone daktari bingwa wa neva za mkono, kuna oparesheni ya kuhamisha neva na inafanya vizuri zaidi kabla ya miezi 6 kupita. Kwa sasa mtu akunyanyulie huo mkono taratibu kila siku bega lisigande. Ila ukianza kulegea miguu, kushindwa kuzuia mkojo au pumzi kuwa nzito, nenda dharura usiku huohuo.