Kabla ya Kuagiza Kingamwili ya PD-1 ya Panya, Uliza Kloni

Wanafunzi wa uzamili wanaofanya utafiti wa panya hapa Kisumu huniuliza sana: "Mwalimu, PD-1 ya bei nafuu ni ipi?" Nami huwauliza: unataka kuiona au kuiziba? Pesa nyingi za utafiti hupotelea hapo.

PD-1 ni protini iliyo juu ya seli T, askari wa kinga ya mwili. Ikikutana na mwenzake PD-L1, seli hupoa na kuacha kupigana. Kundi la Tasuku Honjo kule Kyoto liliitambua mwaka 1992, na mwaka 2018 Honjo akagawana tuzo ya Nobel na James Allison, aliyeshughulikia breki nyingine iitwayo CTLA-4. Wengi huihusisha na saratani tu, lakini sisi wa kandokando ya ziwa tuna sababu yetu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba panya wenye Plasmodium yoelii, kimelea cha malaria ya panya, wakizibiwa PD-L1 na LAG-3 (breki nyingine ya seli T) kwa pamoja, waliondoa vimelea damuni upesi. Ukiishi mahali ambapo malaria huingia bila kupiga hodi, huwezi kupuuza habari hiyo.

Sasa kloni, yaani ukoo mmoja wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu. Herufi na tarakimu zile ndogo kwenye lebo ndizo zinazokwambia umenunua nini. RMP1-14 na 29F.1A12 hutoka kwa panya buku, na zote mbili huzuia PD-1 isishikane na PD-L1. J43 hutoka kwa hamsta. RMP1-30 hushika PD-1 bila kuziba, kwa hiyo ukimdunga nayo panya ukitegemea seli zake ziamke, utangoja sana.

Kuna mwanafunzi aliniletea laptopu akiwa na furaha tele. Alikuwa amewatibu panya kwa RMP1-14, akatoa wengu, akazipaka seli rangi kwa RMP1-14 ileile yenye PE (rangi inayong'aa), kisha akazipitisha kwenye saitometa, mashine inayopima mng'ao wa kila seli. Kwenye grafu, kilima cha PD-1 kilikuwa kimehamia kushoto kabisa, kimelaliana na cha seli zisizopakwa. "Dawa imeifuta PD-1!" Nikamwambia avute kiti kwanza. Protini haikwenda popote. Kingamwili aliyoidunga ilikuwa bado imekalia mahali palepale, na ile ya rangi ikakosa pa kushika. Kwa kazi kama hiyo paka kwa RMP1-30, kwa sababu yenyewe hushika sehemu nyingine ya protini. Au tafuta ile uliyodunga kwa kingamwili ya pili inayotambua IgG ya buku. Matokeo yake ya pili hayakusisimua kama ya kwanza, lakini yalikuwa ya kweli.

Hesabu nazo zinachekesha, ila usipoziandika mapema zitakuliza. Kichupa cha kupakia rangi mara nyingi ni mikrogramu 100. Kipimo cha kawaida cha kudunga panya mmoja ni kama mikrogramu 200, kila baada ya siku chache. Panya watano kwa dozi nne ni miligramu 4, na kundi la kulinganishia linahitaji kiasi hichohicho cha aisotaipu ya aina moja, yaani kingamwili inayofanana nayo ila hailengi PD-1. Tena ya kudunga iwe haina sodiamu azaidi (kihifadhi), na endotoksini, sumu ya bakteria, iwe chini sana. Ya kupakia huwa na azaidi, nayo ni sumu kwa seli hai.

Wengine huuliza kama mabaki ya pembrolizumab, dawa ya saratani ya hospitalini, yatafaa. Hayafai. Hiyo, sawa na nivolumab, imetengenezewa PD-1 ya binadamu na haishiki ya panya. Atezolizumab ndiyo hushika PD-L1 ya pande zote mbili, lakini hilo ni shabaha tofauti.

Kabla ya kupaka, ziba vipokezi vya Fc (vinavyoshika mkia wa kingamwili hata isiyovihusu) kwa kloni 2.4G2, la sivyo makrofaji zitang'aa bila sababu. Usitegemee seli T tulivu za panya mwenye afya zikuonyeshe PD-1 nyingi. Ziamshe kwa anti-CD3 na anti-CD28, kingamwili zinazowasha seli T, ili uwe na sampuli ya kuthibitisha kwamba kingamwili inafanya kazi. Kiasi nacho ukijaribishe mwenyewe: anza na mikrogramu 1 kwa seli milioni 1, ukipunguza nusu kwa nusu.

Usafirishaji ni mtihani mwingine. Niliwahi kupokea mzigo Ijumaa jioni, barafu imeyeyuka siku nyingi, na muuzaji akasisitiza hauna neno. Siku hizi naagiza ufike Jumatatu au Jumanne, na nampigia msafirishaji mzigo ukiwa bado Nairobi. Kingamwili zenye rangi ya PE au APC zikae gizani kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Usizigandishe kamwe, hata kama stima za mtaani zinakutia wasiwasi na friza ndiyo pekee yenye jenereta. Afadhali boksi la barafu, na taulo katikati ili kichupa kisiguse barafu yenyewe. Na kabla kichupa cha zamani hakijaisha, paka sampuli moja kwa loti (toleo la kiwandani) ya zamani na mpya siku moja, kisha uandike namba zote mbili kwenye daftari.