Blanketi langu la viraka lilivyochuja mbele ya kikoba kizima

Juzi dada mmoja kanitumia meseji na picha ya blanketi la viraka alilolishona kwa miezi minne, vipande vyeupe vyote vimegeuka pinki baada ya kufua mara moja tu, na chini yake kaandika "dada nisaidie nimechanganyikiwa". Nilikaa na ile picha muda mrefu kabla sijajibu, maana yalinikuta hayo hayo na mpaka leo nikiyakumbuka moyo unaniuma.

Nimemjibu kwa ufupi kwamba vitambaa vinafuliwa kabla ya kukatwa. Lakini nikaona hapana, jibu hilo ni dogo, na najua mko wengi humu mnaotaka kushona, kutengeneza nyumba zenu kwa mikono yenu na kufanya vitu vya maana na wenzenu, basi nasimulia yote.

Mimi nakaa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Nilianza viraka kwa mabaki ya vitenge ninayoyaomba kwa mafundi cherehani, maana fundi akishamaliza gauni vile vipembe vinavyobaki kwake ni takataka. Nikajaza viroba viwili. Sasa binti wa mwenzetu kwenye kikoba akawa na kicheni pati, na mimi kwa furaha nikasema hela nitatoa kama wengine ila zawadi yangu mwenyewe ni blanketi. Nilipanga vipande 12 kwa 15, jumla 180, kitenge chekundu kikipishana na marikani nyeupe, ndani nikaweka shuka zito la zamani na nyuma bitana. Nilishona usiku watoto wakishalala. Sitawachosha na yale majuma ya kukata, ila siku ya sherehe lilipofunguliwa ukumbi mzima ulipiga vigelegele na mimi nilisimama nikalia kwa furaha.

Wiki tatu baadaye mama yake akatuma picha kwenye grupu la kikoba. Wekundu ulikuwa umetapakaa kwenye marikani yote. Hakuandika kitu, picha tu, na tuko wanawake 26 mle ndani. Mmoja akaandika kwamba zawadi ya mkono ni ya mtu anayejua kazi, wengine wakaweka vicheko. Nilizima simu. Vikao vitatu mfululizo nilimtuma jirani apeleke hisa zangu, sikutaka kuonana na mtu. Aliyeandika yale maneno hajawahi kuniomba radhi, na mimi nimesamehe ila sijasahau.

Kosa lilikuwa langu, hilo nalikubali. Kitenge kipya kina wanga na rangi ambayo haijashika vizuri, hasa chekundu na bluu ya giza, na kikikutana na maji kwa mara ya kwanza kinachuja na pia kinarudi, yaani kinapungua. Ukikishona kabla hakijarudi, kitarudi kikiwa ndani ya blanketi na mishono itavuta huku na huku. Loweka kila rangi kwenye beseni lake, badilisha maji mpaka yawe meupe, halafu kifinyie kwenye kitambaa cheupe kibichi uone kama kinaacha rangi. Kikiacha, rudia. Kikiendelea kuacha, hicho sio cha blanketi, kishonee begi la sokoni. Na wewe dada wa juzi, kama lako bado ni bichi usilianike wala usilipige pasi, rudisha kwenye maji mengi yenye sabuni na ubadilishe mara nyingi uwezavyo, kuna rangi itakayotoka. Jik usiweke, itakula na vitenge vyenyewe.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu. Alikuja Jumamosi moja akasema twende Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani huko juu mlimani, tukatembee na akina mama wanne. Nikaenda na raba mpya nilizonunua jana yake, hata ndani ya nyumba sikuwa nimezivaa. Tukiwa kwenye mashamba ya migomba visigino vyote vina malengelenge, na huku wanashuka wanawake wa kule juu na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga kichwani wanawahi soko, wamevaa yeboyebo zilizokwishashika umbo la miguu yao, hawatetereki. Mmoja alisimama, akaniangalia miguu, akaniambia mama, kiatu kinazoeshwa nyumbani, mlimani unakuja nacho kimeshakuwa rafiki. Nilikaa kwenye jiwe nikasikia maji ya mto yanaporomoka chini, nikawaza lile blanketi. Ni jambo lile lile! Nilitaka kufika bila kuandaa.

Tangu hapo nimebadilika kweli. Ukuta wa sebule uliokuwa unabanduka rangi kila mwaka, safari hii sikukimbilia kopo la rangi, nilikwangua mpaka plasta, nikatafuta maji yanatoka wapi (ni bomba la bafuni lilikuwa linavuja kwa ndani), likazibwa, nikauacha ukuta ukauke wiki sita ndio nikapaka. Mume wangu alilalamika kukaa na ukuta wa vile mpaka wageni wakaja wakaondoka. Masika mawili yamepita na haujabanduka.

Ndugu zangu, tunapenda sana siku ya vigelegele. Tunapenda picha ya kileleni, picha ya sebule mpya, picha ya blanketi kitandani, lakini beseni la maji mekundu hakuna anayelipiga picha. Fua kwanza. Ukitaka kuanzisha kikundi kaeni mkubaliane kanuni kabla hamjachanga hata mia, huko nako ni kufua kwanza. Na ukikata vipande tumia kipimo kimoja cha boksi gumu, mimi nakata sentimita 15 na mshono unakula sentimita moja kila upande nabaki na 13, maana ukikosea milimita tatu tu kila kipande, kwenye mstari wa vipande 12 umeshapotea karibu sentimita nne na pembe hazikutani tena. Piga bandi, yaani ile mishono mirefu ya muda ya mkono, matabaka yote matatu kabla ya kupeleka kwenye cherehani. Na fua kwanza, nasema tena.

Yule binti sasa ana mtoto. Mwezi uliopita nilimpelekea kablanketi kadogo, nyekundu na nyeupe vile vile, kwa makusudi, na vitambaa vyake nilivifua mara nne. Mama yake alikuwepo, akalipokea kwa mikono miwili, hakusema kuhusu lile la kwanza na mimi sikusema. Jumapili hii binti kanitumia picha, limefuliwa mara ya tatu, limeanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba yao. Marikani ni nyeupe pee. Kwenye grupu sijaiweka.