Jibu: Prague hadi Vienna na mama mzee, gari au treni?

Dada, umeuliza kama ukodi gari la kuwachukua mlangoni Prague na kuwafikisha hotelini Vienna, au mpande treni, maana mama anasumbuliwa na magoti na una watoto wawili. Kwa hali yako ningekodi gari. Treni ya moja kwa moja ni nzuri, inatumia kama saa nne, na gari halitawawahisha sana. Ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Brno. Mtakachoepuka ni ngazi na kuburuta mabegi, na kwa mama hilo ni kubwa.

Kabla hujalipa, pata bei kwa maandishi, iwe ya gari zima, siyo ya kila kichwa. Uliza kama ada ya barabara kuu imo, kwani Ucheki na Austria kila nchi ina yake. Taja idadi ya mabegi. Mimi niliwahi kuletewa gari dogo, tukapakata mabegi mawili njia nzima. Viti vya watoto navyo viombe mapema: sheria ya Ucheki inavitaka kwa mtoto aliye chini ya sentimita 150 na kilo 36, kwa hiyo mpe dereva urefu na uzito wao.

Omba pia msimame Mikulov, mji mdogo wenye kasri kilimani, karibu kabisa na mpaka, mama anyooshe miguu. Pasipoti ziwe mkononi. Hata ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida mipakani mwao, polisi wanaweza kusimamisha gari.