Namkumbuka Chiara na zile dakika zake 25

Tumsifu Yesu Kristo mhariri, na wasomaji wenzangu wote. Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni kijana gani aliyefariki akiwa bado mdogo ambaye imani yake kwenye ugonjwa imekugusa, na je tumkumbukeje. Najua wengi mtamtaja Carlo Acutis, yule kijana wa Italia, na ni haki yake kabisa, kansa ya damu ilimchukua Oktoba 2006 akiwa na miaka 15 tu, na Septemba 7, 2025 Papa Leo wa XIV akamtangaza mtakatifu, vijana ninaowalea wengi wameweka picha yake kwenye simu. Mimi jibu langu ni Chiara Badano, wengine wanamjua kama Chiara Luce, na sababu yangu sio ujasiri wake peke yake, ni kitu kimoja alichofanya chumbani kwake ambacho kimenisaidia sana mimi kama mlezi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, hapa Mbeya.

Kwa wasiomjua, alizaliwa Oktoba 29, 1971 Sassello, mji mdogo tu wa kaskazini mwa Italia, baba yake dereva wa lori, na wazazi walikaa miaka 11 kwenye ndoa wanaomba mtoto ndo akaja yeye, wa pekee. Huku kwetu mwanamke akikaa hata miaka mitatu bila kubeba mimba mnajua maneno yanayoanza kutoka upande wa mawifi, kwahiyo hapo tu mtaelewa huyo mtoto alikua nani kwenye ile nyumba. Akakua kawaida kabisa, anapenda muziki, anaogelea, anacheza tenisi, na kuna mwaka shuleni alifeli akarudia darasa na ilimuuma sana (hicho kipande huwa sikirukagi nikiongea na wanafunzi maana wanadhani watu wa Mungu wote walikua wanapata division one). Akiwa na miaka 9 yeye na wazazi wake wakakutana na Wafokolari, harakati ya kiroho ndani ya Kanisa Katoliki, na kuanzia hapo akaishika Injili kwa vitu vidogo vidogo, kusikiliza mtu, kukaa na yule ambaye hakuna anayetaka kukaa naye.

Kiangazi cha 1988 anacheza tenisi akasikia maumivu makali begani. Mwanzoni halikuonekana kama jambo kubwa. Baadae vipimo vikaonyesha kansa ya mifupa, ile wanayoita osteosakoma, akaanza matibabu Turin, dawa kali, upasuaji, nywele zikatoka, miguu ikaacha kufanya kazi.

Sasa kile kitu nilichosema. Siku aliyorudi nyumbani kutoka hospitali akiwa ameshaelewa ana ugonjwa gani, mama yake alikua anamsubiri, akamuuliza imekuaje, Chiara akamwambia sasa hivi usiongee, akapita moja kwa moja akajitupa kitandani. Mama akakaa pale pale, hajamgusa, hajasema neno, anamwangalia tu mwanae anavyopigana ndani kwa ndani. Dakika 25. Kisha akageuka, akatabasamu lile tabasamu lake, akamwambia mama sasa unaweza kuongea. Na mama yake amesimulia kwamba toka siku ile hakurudi nyuma tena.

Watu wengi wakihadithia habari zake wanakimbilia kwenye tabasamu. Mimi nabakigi kwenye zile dakika 25, kwa sababu zinaonyesha kwamba jibu lake kwa Mungu halikutoka mdomoni kama ule wimbo tunaoimba bila kuufikiria, lilimgharimu, na pia zinamwonyesha mama aliyejua kunyamaza, ambaye kwakweli kwa mila zetu sisi huyo mama ni adimu sana.

Tulikua na binti kwenye jumuiya yetu, sitamtaja jina maana mama yake yupo na wadogo zake wapo. Kidato cha pili, mcheza netiboli, mwimbaji wa soprano. Goti lilianza kumuuma, likavimba, kila mtu akasema ameteguka uwanjani, akachuliwa na mafuta ya kondoo, akachuliwa tena na mzee mmoja anayesifika kwa kunyoosha mifupa, maumivu usiku yakawa hayamwachi alale. Ndugu zangu niseme hapa hapa kabla sijasahau, kansa hii ya mifupa inapenda sana umri huu wa kukua, kumi na kitu hivi mpaka ishirini, na inapenda maeneo ya goti na sehemu ya juu ya mkono karibu na bega, na kwa kuwa ndo umri wa michezo basi kila uvimbe unasingiziwa mpira. Mtoto akilalamika mfupa unauma wiki na wiki, anaamka usiku kwa maumivu, kuna uvimbe hauondoki, acheni kuuchua, nendeni akapigwe picha ya X-ray. Kuomba mtaomba mkiwa kwenye foleni, Mungu anasikia na pale pia.

Alipofika hospitali ya Rufaa hapa Mbeya wakaona kwenye picha, akapelekwa Muhimbili, mguu ukakatwa juu ya goti, akapewa dawa za dripu mizunguko na mizunguko, baada ya muda wakakuta imeshaingia kwenye mapafu. Akarudishwa nyumbani Uyole, ilikua ile miezi ya baridi yetu, ya Juni kuingia Julai.

Kile nilichokiona kwenye ile nyumba ndo kilichonifanya nimtafute tena Chiara. Wageni walikua hawaishi, wenye nia njema kabisa, wamebeba maziwa na parachichi, na kila anayeingia lazima aseme kitu. Mama mmoja anamwambia usilie mwanangu, mwenye imani halii. Mwingine anamshika mkono anamwambia tamka, sema nimepona, anamlazimisha mtoto aseme kwa sauti mbele za watu, mtoto anasema huku anatetemeka. Akatokea na mchungaji mmoja wa huduma fulani akamwita mama mtu pembeni akamuuliza kama kuna dhambi ndani ya nyumba inayozuia uponyaji. Hili linaniumiza mpaka leo naandika. Yaani mama ameuza shamba la viazi kwa ajili ya mwanae, halafu unamwekea na huo mzigo! Biblia hiyo hiyo tunayoishika inasema Yesu alilia machozi kwenye kaburi la Lazaro, na pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, tena akarudia kuomba maneno yale yale, nani basi atasema hakua na imani?

Siku moja nimebaki naye peke yangu, akaniambia, "Mama mlezi, mimi mchana siogopi. Naogopaga usiku." Sikuwa na mahubiri ya kumpa. Nikamhadithia Chiara, kitanda, mama aliyenyamaza, dakika 25. Akasikiliza, akaniuliza alikua anawaza nini muda wote huo, nikamwambia hakuna anayejua, ni siri yake na Mungu wake. Akakaa kimya. Halafu akasema basi na mimi naomba nipewe za kwangu.

Tukamwita mama yake na shangazi zake tukakubaliana, akigeukia ukutani hakuna mtu kuongea, hakuna kumwimbia pambio, hakuna kumuuliza unajisikiaje, unakaa kama una kushona unashona kama una rozari unasali kimoyomoyo mpaka ageuke mwenyewe. Mara nyingine zilipita dakika chache, mara nyingine inafika hata saa nzima na zaidi. Alikua akigeuka anaomba vitu vya kawaida tu, ndizi mbalaga za bibi yake wa Tukuyu, au wamwekee kwaya kwenye simu, au anataka kujua netiboli shule yao imeshindaje. Na alikua anasali, tena sala zake ndefu, anawaombea watoto aliowaacha wodini Muhimbili kwa majina yao mmoja mmoja. Sala hizo hakuna aliyemlazimisha.

Kuna jambo la Chiara ambalo lazima niliseme kwa uangalifu. Inajulikana kwamba alikataa mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa sababu ilikua inamchukulia akili, yeye alitaka awe macho amtolee Yesu maumivu yake, maana alisema ndo kitu pekee alichobakiwa nacho cha kutoa. Naheshimu sana, lakini ule ulikua uamuzi wake yeye, miaka 17, 18, mwenye ufahamu wake, na sio sheria ya kuwabebesha wagonjwa wengine. Papa Pius wa XII alishaliweka wazi tangu 1957 kwamba inaruhusiwa kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa dawa. Binti yetu alipewa mofini ya maji, watu wa tiba shufaa, wale wanaowapunguzia maumivu wagonjwa wasiopona, walikua wanamfuata nyumbani, na ni hiyo mofini iliyomwezesha kukaa, kula, kusali na kucheka na wadogo zake. Nilisikia mtu mzima kabisa anasema dawa ile ni ya kukatisha imani. Hapana jamani. Mtoto anayepiga kelele za maumivu usiku kucha unataka asali saa ngapi?

Chiara mwenyewe hakua mtu wa kujifungia na mateso yake. Pale hospitalini Turin kulikua na msichana mwenye matatizo ya madawa ya kulevya na sonona nzito, Chiara akawa anatembea naye kwenye korido wakati kila hatua inamuuma, wazazi wakimwambia apumzike anasema atakuja kulala baadae. Marafiki walikua wanakuja kumtia moyo wanatoka wao ndo wametiwa moyo. Alipofikisha miaka 18 wakamzawadia hela, akampa zote rafiki yake aliyekua anaenda kuwahudumia watu Benin, huku kwetu Afrika, akasema yeye hazimsaidii kitu, ana kila kitu. Huyo ni mtu ambaye miguu haifanyi kazi.

Mazishi yake aliyapanga mwenyewe na mama yake kama harusi, gauni jeupe, nyimbo alizichagua yeye. Akafariki alfajiri ya Oktoba 7, 1990, bado wiki tatu tu atimize 19. Neno lake la mwisho kwa mama yake lilikua kumwambia awe na furaha kwa sababu yeye anayo. Macho yake alikua ameshasema yatolewe, konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, zikapewa vijana wawili wakaona. Septemba 25, 2010 akatangazwa mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, kule Roma, na sikukuu yake ni hiyo hiyo Oktoba 29 aliyozaliwa.

Binti yetu naye alifariki, mwisho wa Julai, mama yake amemshika. Kwenye mazishi kuna mtu alisimama akasema huyu mtoto hakuogopa hata siku moja. Nilijua anamsifia, ila moyoni nilikataa, na kwakua mmeuliza tumkumbukeje basi hili ndo jibu langu. Tumkumbuke alivyokua. Aliogopa usiku, alilia mguu wake, alimkasirikia mama yake siku nyingine, na katikati ya hayo yote hakumwachia Mungu mkono. Tukimtoa woga wake tumemnyang'anya kile alichokishinda, na yule kijana mwingine anayeumwa leo pale Iringa au Njombe akisikia habari zake atajiona yeye imani yake ni ndogo kwa sababu tu analia.

Hapa kwetu kila Oktoba 29 inapokaribia tunafanya misa na vijana wa TYCS. Safari hii nilipendekeza maua na mabango, kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono akasema mama mlezi kama Chiara alitoa hela zake za bethdei zikaenda Benin, kwanini na sisi tusichange nauli. Alikua na maana kwamba mtoto wa kansa akipelekwa Muhimbili tiba yenyewe wanasaidiwa, kinachowashinda wazazi ni kutoka Mbeya mpaka Dar, zaidi ya kilometa 800 kwenye basi na mtoto anaumwa, na ule mlima wa Kitonga njiani, halafu kula na kulala kwa mzazi anayemuuguza, na nyumbani umeacha wengine watano. Wakakubali wote. Wanauza maandazi wakati wa mapumziko na wameweka mhasibu wao na daftari, wameshapata familia ya kuanza nayo, wa kutoka huko Mbarali, mtoto wa kiume miaka 13, goti. Anasafiri na baba yake wiki ijayo.