Mume yuko Leicester, mimi niko Tabata: hela ya nani inaangaliwa?

Wiki hii maswali ya viza za kufuata wenza Uingereza yamekuwa mengi mpaka nimeamua niyajibu kwa mkupuo. Mengine yamefanana sana nimeyaunganisha, kwa hiyo usipoliona lako neno kwa neno usinune, soma yote.

Shikamoo anti. Mimi naishi Tabata, nina miaka 27, nimefunga ndoa na mume wangu ana kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza, anafanya kazi kwenye ghala Leicester na jioni huwa anaendesha gari la kubeba chakula. Tumepata wakala hapa mjini anataka milioni nne ashughulikie kila kitu, na kasema niweke hela nyingi kwenye akaunti yangu angalau miezi mitatu ili ubalozi uone ninajiweza. Nimeanza kuuza vitu vya ndani. Je niendelee? Bi Harusi, Tabata

Marahaba mdogo wangu, na kabati lako lirudishe ndani. Huyo wakala anachanganya viza ya matembezi na viza ya mwenza, ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye ya matembezi ndiyo wanaangalia akaunti yako sana maana wanataka waone una sababu ya kurudi, ila wewe huendi kutembea unaenda kuishi na mumeo, kwa hiyo macho yote yako kwake yeye. Na hapa ndipo watu wengi wanapoumia, mtu yuko Dar anahangaika na foleni na mawakala halafu jamaa kule Leicester hajaulizwa hata swali moja kuhusu mshahara wake kwa sababu eti tutaonekana tunamchunguza. Mchunguze. Mpigie leo.

Swali la kwanza muulize kwa mwaka anaingiza shilingi ngapi kabla ya kodi. Kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 kiwango ni pauni 29,000, zamani ilikuwa 18,600 na ilikaa hivyo tangu 2012 ndo maana bado utakutana na watu wanakutajia hiyo ya zamani kwa kujiamini kabisa. Kwa hela yetu hiyo inacheza kwenye milioni mia, juu kidogo au chini kidogo. Kama amekaa kwa mwajiri huyo huyo miezi sita au zaidi wanataka salari slipi za miezi sita, stetimenti za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha kila mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri. Lazima vifanane. Slipi ikisema 1,960 na benki ikaonyesha 1,700 kwa sababu nyingine alichukua mkononi, hapo tayari mna kazi ya kujieleza. Ovataimu inahesabika alimradi iko kwenye slipi. Kama amebadilisha kazi ndani ya miezi hiyo sita hesabu inakuwa nyingine, inabidi waangalie miezi 12 iliyopita, na mara nyingi ni afadhali asubiri tu ile miezi sita itimie kuliko kujitia kwenye hesabu hizo.

Hiyo ya kubeba chakula jioni sasa. Akiwa amejiajiri mwenyewe huko, wanachukua mwaka mzima wa kodi uliokamilika, na kinachohesabika ni faida baada ya kutoa gharama, sio zile namba anazokutumia kwenye skrinshoti akikuambia leo nimepiga hela. Kama hajapeleka ritani ya kodi hiyo hela kwa viza ni kama haipo.

Wewe mshahara wako wa Tanzania hauhesabiki, hata uwe bosi wa benki. Ila kuna vitu viwili vyako vinaweza kusaidia na mawakala huwa hawavisemi sijui kwa nini: kodi ya nyumba ya kupangisha kama una nyumba kwa jina lako na huishi humo, hiyo inahesabika hata kama nyumba iko Kigamboni ili mradi ina mikataba na hela inapita benki, na akiba, yako au yake. Akiba peke yake bila mshahara ni pauni 88,500 zikae miezi sita, najua umecheka. Lakini inaweza kuziba pengo, wanachukua kile kilichozidi pauni 16,000 wanagawa kwa mbili na nusu wanajumlisha kwenye mshahara. Na kama mumeo anapokea ile posho ya serikali ya ulemavu au ya kumtunza mgonjwa, hicho kiwango cha 29,000 hakimhusu, anapimwa kwa njia nyepesi zaidi.

Gharama: ada ya maombi Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,938, na Aprili ndio mwezi wao wa kupandisha kwa hiyo siku ya kulipa ingia gov.uk uone mwenyewe. Juu yake kuna ada ya matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka, na viza ni ya miezi 33 hivyo wanakata ya miaka mitatu, 3,105. Mkinyimwa ya matibabu inarudi, ya maombi hairudi. Unaona sasa hiyo milioni nne ingefanya nini.

Kwa upande wako wewe kazi ni ndogo. Mtihani wa Kiingereza daraja la A1, kuongea na kusikiliza tu, mtu aliyemaliza fomu foo anapita akiwa amelala, ila hakikisha ni mtihani uliopo kwenye orodha ya serikali yao, maana IELTS ile ya kawaida ya kuombea chuo hawaitambui. Cheti cha kifua kikuu kutoka kliniki ya IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji), unapigwa eksirei, cheti kinaishi miezi sita kwa hiyo usiwahi kupima mapema kwa kiherehere. Eksirei ikiwa na doa watataka makohozi na majibu yanaweza kuchukua hata miezi miwili, usipanik. Halafu cheti cha ndoa, pasipoti, na hati zozote zilizoandikwa Kiswahili zinatafsiriwa na mtu anayeweka jina lake, sahihi, tarehe na mawasiliano. Fomu mnajaza onlaini, unaenda VFS, ile kampuni inayowapokelea maombi ya viza, kuweka alama za vidole, basi. Ukitaka mtu wa kukusaidia mumeo atafute mshauri aliyesajiliwa huko huko, ni kosa la jinai Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili na majina yao yanatafutika mtandaoni. Huyo wako wa mjini mshukuru kwa chai.

Niaje dada. Mimi ni mwanaume niko Nakuru. Bibi yangu alienda Uingereza Oktoba 2024 na viza ya kazi, yeye ni kea kwa nyumba ya wazee. Agent aliyempeleka alituambia akifika tu ananiita mimi na mtoi. Sasa anasema haiwezekani na mimi naona kama ananificha kitu, hata marafiki wananiambia ameshapata mwingine. Nisaidie. Baba Tasha

Poa kaka. Nianze na hili kabla marafiki zako hawajakuvunjia nyumba: mkeo anakwambia ukweli. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 walioenda kwa kazi ya kea hawaruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto. Waliokuwa wameshaingia kwenye viza hiyo kabla ya tarehe hiyo wao wanaweza, ndo maana utamwona jirani ameungana na familia na wewe umekwama, sio kwamba mke wa jirani anampenda zaidi. Yeye alienda Oktoba, sheria ilikuwa na miezi saba tayari, na ajenti wenu alikuwa anajua au alitakiwa kujua. Hilo la ajenti ndio la kukasirikia.

Njia iliyopo ni yeye kubadilisha aina ya kazi. Kama mkeo ni nesi aliyesajiliwa Kenya, na wengi wanaofanya kea huko ni manesi wa kwetu kabisa, aanze mchakato wa kusajiliwa na NMC, baraza la manesi na wakunga la Uingereza, kuna mtihani wa kompyuta halafu wa vitendo, na akipata mwajiri wa kumsponsa kama nesi basi anaweza kukuleta wewe na mtoto. Na ile pauni 29,000 niliyomwambia Bi Harusi haiwahusu nyie, hiyo ni kwa mtu mwenye uraia au kibali cha kudumu. Nyinyi mngehitaji kuonyesha pauni 285 kwa ajili ya mwenza na 315 kwa mtoto wa kwanza, zikae benki siku 28, au mwajiri aandike kwamba atawasimamia mwezi wa kwanza, na wa sekta ya afya hata ile ada ya matibabu hawalipi. Ila ni safari, usimpigie kila siku kumuuliza imefika wapi.

Usidanganywe kwamba ahamie kwenye masomo ili akuite, tangu Januari 2024 wanafunzi wa masta za kawaida nao hawaleti familia, wamebaki wa PhD na masomo ya utafiti. Na mtu akikwambia njoo na viza ya matembezi halafu tutabadilisha ukiwa ndani, kataa. Mgeni hawezi kubadilisha kuwa mwenza akiwa ndani ya Uingereza. Kumtembelea kweli na kurudi hiyo unaweza kuomba, na hapo ndipo kazi yako ya Nakuru, shamba na mtoto anayekusubiri nyumbani vinakuwa na maana kwenye fomu.

Anti mimi ni mke wa pili, niko Tanga, ndoa yetu ni halali kabisa na cheti ninacho. Mume anaishi Birmingham na mke mkubwa. Nasikia naweza kuomba nikaandika kwamba mume hana mke mwingine. Ni kweli? Nimesubiri

Ndoa yako kwa sheria ya ndoa ya 1971 ni halali hapa, hakuna anayebisha. Uingereza lakini haimpi viza mke wa pili kama mke mwenzie yupo hai na ameshaingia huko kama mke wa bwana huyo huyo. Mke mkubwa yuko Birmingham, basi mlango huo umefungwa. Kuandika uongo ndio usithubutu, faili lake la zamani wanalo na jina la mke limeandikwa humo, watakunyima na hilo doa litakufuata kwenye kila ombi hata ukitaka kwenda Kanada. Kama kuna watoto wa bwana, habari yao ni nyingine kabisa, wao wanaangaliwa kwa haki yao, niandikie tena unipe umri wao na baba ana kibali gani. Na dada, hili swali mume wako alipaswa akujibu kabla ya nikaha sio mimi.

Assalam alaykum. Niko Mombasa, Old Town. Mchumba wangu ni Mwingereza mwenye asili ya hapa hapa, tulisomewa nikaha nyumbani mbele ya wazee lakini cheti hatukuchukua. Yeye asema tuombe viza ya uchumba. Pili, tutume meseji zote za WhatsApp? Ni za miaka mitatu na nyengine ni za aibu. Mwanakombo

Waalaykum salaam bibi. Hizo za aibu zibakie simuni mwenu.

Afisa hana muda wa kusoma miaka mitatu ya "umekula?" na zikiwa za Kiswahili kila ukurasa unataka tafsiri ya kulipia, mtafilisika bure. Chagueni chache za kila baada ya miezi kadhaa, zionyeshe tu kwamba mawasiliano hayajakatika, na rekodi ya simu za video. Kizito zaidi ni tiketi na mihuri ya pasipoti aliyokuja kukuona, picha mkiwa na wazee wa pande zote mbili sio selfi arobaini za Nyali, na hela alizokutumia zikiwa na jina lake. Wanachotaka kujua ni kwamba mmeonana ana kwa ana na ndoa ni ya kweli. Tena majibu yenu yafanane, mmoja asiseme mmejuana 2021 na mwingine 2022.

Viza ya uchumba mimi siipendi kwa hali yenu. Inakupa miezi sita tu, kufanya kazi hairuhusiwi, mnafunga ndoa huko halafu mnaomba upya na kulipa upya. Nyinyi mmeshaoana kwa dini, kilichobaki ni karatasi, na Kenya sheria ya ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe ikiwemo ya Kiislamu. Nendeni kwa Kadhi pamoja na mashahidi muulize namna ya kusajili, mkipata cheti mnaomba viza ya mke moja kwa moja, mnalipa mara moja. Kwenye fomu andikeni ukweli kuhusu tarehe ya nikaha na tarehe ya usajili, kupishana kwa tarehe hizo hakuna tatizo likielezwa.

Anti nimenyimwa! Barua inasema hawajaridhika na ushahidi wa kipato. Wakala anasema tukate rufaa haraka. Nalia tu. Neema, Mwanza

Pole sana mama. Futa machozi usome barua tena polepole, sehemu ya kipato waliandika nini hasa: kwamba mumeo hafikishi kiwango, au kwamba anafikisha ila karatasi fulani haikuwepo? Mara nyingi ni hiyo ya pili, stetimenti ya mwezi mmoja imerukwa au barua ya mwajiri haikutaja tarehe aliyoanza kazi. Kama ni hivyo kuomba upya na karatasi iliyokamilika mara nyingi ni haraka kuliko rufaa, japo ada utalipa tena na inauma. Rufaa inaenda kwa jaji na inaweza kuchukua miezi mingi, inafaa zaidi pale ambapo mlipeleka kila kitu na wao ndio walikosea kusoma, au kuna mtoto ambaye maisha yake yanaathirika. Ukiwa nje ya Uingereza una siku 28 tangu upokee uamuzi kukata rufaa kwa hiyo siku hazingoji, mwambie mumeo apeleke barua hiyo kwa wakili wa huko wiki hii, na wewe nitumie picha ya ukurasa wa pili ukiwa umeziba jina na namba ya pasipoti.