Tangi la kioo, mbao au PVC? Kabla hujanunua, jua nyoka wako anataka nini

Watu wengi wakitaka kufuga nyoka wanaanza na tangi. Yani nyoka hajapatikana, hata aina hawajaamua, ila tangi la kioo limeshawekwa sebuleni linang'aa, lina kijiwe, lina kimti cha plastiki, anasubiriwa mwenye nyumba tu aingie. Siwalaumu, kioo kinapendeza na we unataka kumwona mnyama wako. Ila tuongee ukweli, uzuri wa kioo ni wa kwako we unayeangalia. Nyoka yeye anatafuta joto, unyevu na sehemu ya kujificha asionekane, na hapo ndo kioo kinaanza kutoa jasho.

Mi nimefuga kwenye kioo, kwenye mbao, kwenye PVC, yani zile bodi za plastiki ngumu, na kwenye makontena ya plastiki, na mpaka saivi ninavyo vya kila aina kwa hiyo sipigii debe kitu kimoja. Ninachowaambia watu ni wasiulize kipi bora, waulize hiki kizimba kinapoteza nini, na nyoka wangu anaweza kuvumilia kukosa hicho kitu au hawezi.

Chukua mfano wa Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, mpole, akiogopa anajikunja duara na kichwa anakificha katikati. Huyu anataka upande wa joto ufike nyuzi 31 hadi 33 za selsiasi, upande wa baridi 25 hadi 27, na unyevu wa kama asilimia 60, ukipanda kidogo akikaribia kujivua gamba ndo vizuri zaidi. Sasa mweke pembeni yake boa wa mchangani, Eryx colubrinus, wa maeneo makavu ya Afrika Mashariki, mfupi, mnene, muda mwingi amejizika kimebaki kipua tu. Huyu ukimpa unyevu wa yule chatu ndo unamtafutia ugonjwa. Tangi lile lile la kioo lenye kifuniko cha wavu, boa anakula anashiba analala, chatu anahangaika.

Kwa nini? Kwanza kioo kinapitisha joto mara kadhaa kuliko mbao au PVC, kwa hiyo lile joto unalolilipia umeme linatoka kwenye kuta zote nne kwenda kupasha chumba chako. Pili ule wavu wa juu. Hewa ya moto inapanda, inapita kwenye wavu, inaondoka na unyevu wake, na hewa kavu ya chumbani inashuka kuziba pengo, na ukiweka balbu ya joto juu ya wavu ndo unaharakisha kabisa hiyo safari. Unapuliza maji kwa chupa ya kunyunyizia, kipimo kinapanda mpaka 80, unafurahi, unaenda zako kufanya shughuli nyingine, ukirudi baada ya muda kiko 40.

Wala huhitaji kipimo kujua kuna tatizo, gamba lenyewe litakwambia. Nyoka akikaribia kujivua rangi inafifia, macho yanakuwa na ukungu wa bluu bluu, anakaa hivyo siku kadhaa anakuwa na hasira maana haoni vizuri, halafu macho yanarudi kuwa safi, na baada ya hapo ndo anajivua. Unyevu ukiwa mzuri gamba linatoka lote kwa mkupuo kama soksi, kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia, na ukilinyoosha mwangani unaona vile viduara viwili vya machoni vinang'aa, kwa sababu nyoka hana kope, jicho lake lina kifuniko chake angavu ambacho nacho kinavuliwa. Unyevu ukiwa mdogo unaokota vipande. Kipande huku, kipande kwenye bakuli la maji, kingine kimeng'ang'ania mgongoni, na kibaya zaidi ni ile pete inayobaki kwenye ncha ya mkia, ikikauka inabana, damu haipiti, na ncha inaweza kufa. Ukiona jicho moja limebaki na kifuniko cha zamani usilichokonoe na kucha wala kibanio, narudia usilichokonoe, ongeza unyevu mpe muda, likigoma mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao.

Haya, sasa una tangi la kioo tayari na nyoka wako ni wa unyevu. Usilitupe. Funika kama theluthi mbili za ule wavu, kwa foili au kipande cha plastiki ngumu, ila sehemu yenye balbu iache wazi kabisa na plastiki isiikaribie, sitaki kusikia mtu ameyeyusha kifuniko au amewasha moto nyumbani. Matandiko yawe mazito, sentimita 8 hadi 10 hivi za makumbi ya nazi yaliyosagwa yanashika maji vizuri sana, na badala ya kunyunyizia juu mwaga maji kidogo kidogo kwenye pembe yashuke chini, ili chini kuwe na unyevunyevu na juu pabaki pakavu. Hii ya juu kuwa pakavu siyo urembo, nyoka anayelalia matandiko yaliyolowa magamba ya tumboni yanaanza kuoza. Na baridi ikichanganyika na unyevu na hewa iliyosimama ndo mapafu yanaanza kuugua, utamsikia anakoroma, au anapumua mdomo wazi, hapo siyo suala la tangi tena ni suala la daktari.

Kingine kwenye kioo, ziba pande tatu kwa nje. Karatasi nyeusi, rangi, chochote. Nyoka anayeonekana kutoka kila upande anaishi kwa wasiwasi, na chatu akiwa na wasiwasi anagoma kula kwa wiki na wiki, we unabadilisha panya mweupe kwa wa kijivu ukidhani tatizo ni chakula. Afadhali pia tangi linalofunguka mbele kuliko la juu, maana porini kinachomjia nyoka kutoka juu mara nyingi ni ndege anayetaka kumla, halafu we kila ukitaka kumtoa mkono unatokea huko huko. Na kioo usikiweke kwenye jua la dirishani hata kwa dakika chache, joto linaingia halitoki, nyoka anaiva humo ndani.

Uzito nao. Watu hawaufikirii mpaka siku ya kuhama. Kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, ambacho ndo saizi ninayoiona ya kuanzia kwa Python regius mkubwa, kikitengenezwa kwa kioo cha milimita 6 kinapita kilo 40 kikiwa kitupu, bado hujaweka matandiko, mawe na maji. Cha PVC cha saizi hiyo hiyo ni chepesi zaidi kwa mbali.

Tukiwa hapo kwenye saizi, kuna ule usemi kwamba nyoka mdogo ukimweka kwenye nafasi kubwa hali. Kinachomfanya asile ni uwazi, ukubwa wenyewe hauna shida. Jaza maficho, magome, majani ya bandia, pango moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, awe anaweza kuvuka kutoka kona hadi kona bila kuonekana, atakula. Na akishakua awe anaweza kujinyoosha urefu wake wote humo ndani, mi siamini kwenye kumfuga nyoka aliyekunjwa maisha yake yote eti kwa sababu amezoea kujikunja.

Mbao sasa. Kabati la mbao lenye milango ya kioo ya kusukuma pembeni ni zuri sana kwa joto, kuta tatu tayari ni giza, na kama unajua kushika msumeno unajitengenezea mwenyewe. Adui wake ni maji. Yanaanza pale chini, kwenye kiungo cha sakafu na ukuta, yanaingia taratibu we huoni, siku unashangaa mlango hauslaidi, kumbe ubao umevimba. Kwa hiyo viungo vyote vya ndani piga silikoni ile ya kutengenezea matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuua ukungu, halafu uiache ikauke mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa, usimwingize nyoka wakati bado inanuka. Usitumie mbao za mwerezi, mafuta yake yana madhara kwa nyoka. Toboa matundu ya hewa nyuma, ya chini upande wa baridi na ya juu upande wa joto, hewa itatembea yenyewe. Na balbu ikiwa ndani lazima iwe na kizimba chake cha waya, nyoka hana akili ya kuogopa kitu cha moto, atajizungushia akae anaungua. Utitiri ukishaingia kwenye mbao pia ni kazi, unajificha kwenye nyufa ambazo hata huzioni, wakati kioo unakiosha unakikausha umemaliza.

Kwa nyoka aina ya nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, wale wekundu wa Marekani, mbao inatosha kabisa, wao unyevu wa kati unawatosha na joto lao ni la chini kidogo kuliko la chatu. Hata kioo wanaenda nacho vizuri. Ni nyoka wasio na makuu.

PVC ndo ninayoishauri kwa chatu na boa wa misituni. Inashika joto, inashika unyevu, haiozi, unaifuta na kitambaa. Bei yake inauma, sitakudanganya. Ikiwa mpya iache milango wazi siku kadhaa harufu ya kiwandani itoke. Usiisugue na sponji ngumu, inakwaruzika vibaya. Na angalia balbu zenye nguvu zilizofungwa karibu na dari, PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi karibu 80 na dari lililo juu ya taa linafika huko kirahisi, nimeona dari lililoshuka tumbo. Paneli ya joto inayofungwa juu ni salama zaidi, au taa iache nafasi ya kutosha.

Makontena ya plastiki mi nayatumia kwa nyoka mgeni aliyetoka kwa mtu mwingine, akae peke yake kwenye karatasi nyeupe, nione kinyesi chake, nione kama ana utitiri, au kwa mgonjwa. Kwa kazi hiyo hakuna kinachoyashinda. Wapo wanaowafuga humo moja kwa moja, tena rafu nzima, na nyoka wanakula na kuzaa, siwezi kusema wanakufa. Ila kukaa gizani kwenye boksi la kimo cha sentimita 15 bila kitu cha kupanda, bila taa, mi roho yangu haikubali.

Chochote utakachochagua, thamostati, yani kile kifaa kinachopima joto na kuizima au kuiwasha hita, ni lazima. Hita bila thamostati ni jiko. Na kile kichwa cha kupima cha thamostati usikitegemee kushikiliwa na vile vinyonyeo vya raba vinavyokuja nacho, kwenye kioo chenye unyevu vinabanduka. Fikiria kimebanduka kimeangukia kwenye bakuli la maji, kinasoma maji ya nyuzi 24, kinaiambia hita huku ndani kuna baridi, ongeza, na hita inaongeza usiku kucha we umelala. Kifunge kwa kitu cha kudumu, waya upite pasipofikika, maana nyoka anapenda sana kusukuma vitu na pua. Mkeka wa joto ukiubandika chini ya tangi la kioo, hakikisha tangi limeinuliwa kidogo kwa chini hewa ipite, joto likifungiwa pale kioo kinaweza kupasuka. Vile vipimo vya duara vya kubandika mara nyingi vinadanganya, tafuta vya kidijitali, viwili, kimoja kila upande.

Halafu kabla nyoka hajaja, washa kila kitu kiwe kama yumo. Wiki nzima ikiwezekana. Angalia namba asubuhi, mchana na hasa usiku wa manane ambapo chumba kimepoa, ndo utajua kizimba chako kinapoteza nini. Kurekebisha tangi tupu ni kazi ya dakika mbili, kurekebisha lenye nyoka mwenye stresi ni habari nyingine.

La mwisho ni milango, na hili halichagui kioo wala mbao. Kifuniko cha wavu bila klipu pande zote hicho siyo kifuniko, nyoka anapita na pua pembeni pembeni usiku kucha, taratibu, mpaka apate sehemu inayolegea. Wengine wanajichubua pua kabisa kwenye wavu, ukiona hivyo ujue kuna kitu humo ndani hakipendi, anza na joto na maficho. Kwenye milango ya kusukuma pembeni angalia pale vioo viwili vinapopishana, kuna uwazi wa milimita chache ambao kwa nyoka mkubwa si kitu, ila kitoto cha nyoka wa mahindi kilichoanguliwa juzi kinapita pale bila shida yoyote, kufuli lako umefunga vizuri na funguo unayo mfukoni. Kipande cha mpira mwembamba kwenye ule uwazi, kutoka juu mpaka chini, kinamaliza hilo.